Magongo ya Mpera

"Nimekufanya nini?"

Aliniuliza akiwa amepiga magoti kwenye nyasi, mkono wake wa kushoto ameukumbatia kifuani. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayemuuliza mwalimu swali la hesabu, akingoja jibu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi. Asubuhi ile tulikuwa tumekula mandazi kutoka sahani moja. Refa akapuliza kipyenga, akanyoosha mkono kuonyesha kwamba mpira ni wa Bungoma, na mchezo ukaendelea.

Kila ninapomsikia mtu akisema michezo hujenga watoto, huwa nataka kujua alikuwa amekaa wapi. Siku ile wengi waliosema hivyo walikuwa kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai, wakipiga makofi.

Shule yetu ilikuwa nje ya Kitale, upande wa Kiminini, katikati ya mashamba ya mahindi. Mpira wa magongo uliletwa na mwalimu wa michezo, mwanamume mfupi mwenye mapaja manene ambaye aliucheza alipokuwa chuoni. Shule haikuwa na uwezo wa kununua magongo, kwa hivyo tulijitengenezea. Unatafuta tawi la mpera lenye unene wa kifundo cha mkono, unalichoma juu ya makaa polepole hadi likubali kupinda, halafu unalibana chini ya jiwe siku tatu. Kinga za miguu tulikata kutoka kwa jerikeni kuukuu, tukazifunga na kamba ya katani. Mpira ulikuwa mmoja, mweupe, mgumu kama jiwe la mtoni.

Nilijiunga kwa sababu nilikuwa mtoto wa kupigwa. Kulikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyekuwa akinisubiri njiani nikitoka kusaga mahindi. Alinipiga makofi mawili, kila siku mawili, halafu akanibebesha begi lake hadi kwao. Nyumbani nilisema nimeanguka.

Mwalimu wa michezo alikuwa na dawa ya woga. Alitupanga wasichana wote kwenye ukuta wa darasa, akasimama hatua kumi mbele yetu na kutupigia mpira miguuni, mmoja baada ya mwingine. Aliyeruka alichapwa na kurudi mwisho wa mstari. Aliyesimama akagongwa alisifiwa.

"Woga unakaa hapa," alisema, akijigonga kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti. "Ukigongwa hapa mara ishirini, unatoka wenyewe."

Nilihesabu. Kwangu ulitoka mara ya kumi na moja. Baada ya hapo nilisimama tu, na mwalimu akaniweka beki.

Muhula ule ule nilikutana na yule mvulana wa darasa la sita, nikiwa na gongo langu begani. Aliinua mkono wake wa kila siku. Nikampiga mguuni, mahali pale pale mwalimu alipotuonyesha, na nikasikia sauti kama ya kuni kavu. Alikaa chini katikati ya njia. Hakunigusa tena maisha yake yote. Siku ile nilikula ugali sahani mbili, na mama akashangaa.

Siwezi kudanganya kwamba magongo hayakunifaa. Nilikuwa mtoto wa kukohoa kila msimu wa baridi, nikaacha kukohoa. Nilikuwa silali, nikaanza kulala kabla hata sahani hazijaoshwa. Nilipata mahali ambapo msichana angeweza kupiga kelele kwa nguvu zake zote bila kuambiwa afunge mdomo. Kama mtu angeniuliza wakati huo faida ya michezo kwa mtoto, ningemwonyesha yule mvulana akichechemea.

Lakini kulikuwa na sheria moja ya mwalimu wetu. Kwa kila bao tulilofungwa, mabeki na kipa walilala chini mbele ya shule na kuchapwa fimbo mbili. Mwaka mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, Bungoma walitufunga manne kwetu nyumbani. Nilifanya mtihani wa Kiswahili nikiwa nimesimama. Kipa wetu, msichana mwembamba wa darasa la tano, alijikojolea kwenye fimbo ya sita, shule nzima ikiangalia. Kwa miezi mingi wavulana walimpita wakifanya sauti ya maji.

Bungoma kulikuwa na shule iliyojengwa na kanisa lililojenga yetu, na shule hizo mbili zilialikana kila mwaka, zamu kwa zamu. Wageni walifika Ijumaa, wakacheza Jumamosi, na mshindi akaondoka na mbuzi. Walimu walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba watoto wasilale madarasani. Kila mgeni alipewa mwenyeji wake, mtoto wa timu ile nyingine, alale kwao, ale nao, na baada ya mechi wale pamoja tena kabla ya kuagana. Ilisemekana hivyo ndivyo watoto hufunzwa undugu.

Mwaka ule zamu ilikuwa ya kwenda. Tulipanda lori lililokuwa limetoka kupeleka mahindi, tukafika Bungoma tukiwa weupe kwa vumbi la magunia. Walitupanga mistari miwili tukitazamana. Uliyeangaliana naye ndiye wako.

Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mdogo kuliko mimi ingawa alinizidi mwaka. Alivaa soksi za manjano zilizovutwa hadi magotini. Alichukua mfuko wangu, akaupima kwa mkono.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Basi kuja. Unarara kwa kitanda changu."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Ati unarara! Kwani huku herufi zilihama?"

Yule wa soksi za manjano akamgeukia bila haraka. "Mrikuja kucheza ama mrikuja kufundisha Kiswahili? Si mwaka jana mrikula mabao nne?"

Hapo wa kwao ndio wakacheka. Nikampenda papo hapo.

Mama yake alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Karibu sana." Alikuwa amechinja kuku. Msichana na mimi tulipewa sahani moja, na paja likawekwa upande wangu. Baada ya kula alitaka kuona kinga zangu. Alipoona kamba ya katani ilivyonikata ngozi, alisonya, akaingia ndani, akarudi na tyubu kuukuu ya baiskeli na kisu. Alikata vipande vinne vyembamba, akanifunga mwenyewe, akavuta kila fundo kwa meno.

"Sasa hata nikikupiga hautasikia," alisema.

"Hautanifikia."

"Ngoja kesho, bana."

Kesho yake, tulipokuwa tukipasha miili moto, mwalimu wetu aliwaangalia wao badala ya kutuangalia sisi. Halafu akatuita mabeki na kipa nyuma ya vyoo.

"Mmemwona yule wa soksi za manjano?"

Tulikuwa tumemwona. Alikuwa akikimbia na mpira kana kwamba umefungwa kwa uzi kwenye gongo lake.

"Huyo ndiye aliwafunga matatu mwaka jana. Akicheza mechi yote, mnajua Jumatatu itakuwaje." Akanigeukia mimi, kwa sababu nilicheza upande ambao yule msichana alishambulia. "Wewe. Asimalize mechi. Usipige mguu, mguu refa anaona. Huwa ananyoosha gongo kwa mkono mmoja, wa kushoto, anainama chini sana. Ngoja hapo. Vidole." Akachukua gongo langu, akapiga ukuta wa choo mara moja, kwa ufupi, kutoka kwenye kifundo cha mkono. Plasta ikadondoka. "Namna hiyo. Itaonekana umekosa mpira."

"Teacher, huyo ni mwenyeji wangu."

"Ulikuja kula ama kucheza?"

Mabeki wenzangu wakacheka kidogo, kwa woga. Mwalimu aliondoka. Nilibaki nikiangalia lile shimo dogo kwenye plasta, na kipa wetu akanishika mkono juu ya kiwiko. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Tafadhali," alisema. "Mimi sitaki kulala chini tena."

Nimejaribu mara nyingi, nikiwa mtu mzima mwenye shahada, kuipanga upya dakika ile. Ningeweza kukataa. Ningeweza kujifanya mgonjwa. Ningeweza kumwambia mwenyeji wangu, "Leo usiiname." Ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililonijia kichwani. Nilichoona ni maji yakiteremka kwenye miguu ya kipa wetu, na vidole vya msichana aliyenifunga tyubu. Nilijua kwamba kabla ya Jumatatu kuisha mmoja wao angeumia, na mimi ndiye ningechagua.

Kipindi cha kwanza sikufanya kitu. Alinipita mara tatu. Mara ya tatu mpira uliingia kwenye goli letu, ambalo lilikuwa wavu wa kuanikia omena uliofungwa kwenye miti miwili. Uwanja ulijaa vigelegele. Niliangalia pembeni. Mwalimu wetu hakupiga kelele. Aliinua vidole viwili tu, akaviweka hewani kwa muda mrefu, halafu akagonga fimbo kwenye kiatu chake. Kipa wetu hakuwa akiangalia mpira tena, alikuwa akiangalia kile kiatu.

Wakati wa mapumziko, desturi ilikuwa mwenyeji amletee mgeni wake chungwa. Alikuja akikimbia, jasho likimtiririka, vipande viwili mkononi.

"Kura haraka, wanatuita."

Nilikula. Lilikuwa tamu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, sina namna ya kulifanya liwe na maana.

Kipindi cha pili tulisawazisha. Wakatukasirikia, na mchezo ukawa mbaya. Msichana mmoja wa kwetu alipigwa mdomoni akatema jino, refa akampa maji asukutue akamrudisha uwanjani. Msichana wao mmoja alikanyagwa sikio. Wazazi waliokuwa kwenye mstari walishangilia kila kishindo. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya kanisani aliendelea kuita, "Gonga! Gonga huyo!" na sikujua anashangilia upande gani. Sote tulikuwa watoto wa miaka tisa, kumi, kumi na mmoja. Nadhani mkubwa zaidi alikuwa na kumi na miwili.

Halafu mpira ukatoka katikati na kuja upande wangu, pamoja naye. Nilimzuia, ukanitoka kidogo, na akafanya vile mwalimu alivyosema angefanya. Alinyoosha gongo kwa mkono wa kushoto, akainama hadi vidole vikagusa nyasi.

Sikukosa mpira. Mpira ulikuwa mbali, kama hatua moja hivi, na nilijua ulipo. Nilipiga kwa ufupi, kutoka kwenye kifundo cha mkono. Gongo la mpera halitoi sauti kubwa likigonga mfupa mdogo. Hakulia. Alipiga magoti, akaukumbatia ule mkono, akainua uso na kuniuliza lile swali.

Walimtoa nje. Bila yeye walikuwa timu nyingine kabisa. Tuliwafunga mawili zaidi, ikawa matatu kwa moja, na nusu ya watu wetu waliingia uwanjani kunibeba. Mwalimu aliniita simba. Kipa wetu alilia kwa kelele, kwa furaha, akiwa ameshika mti wa goli kama mtu anayeshika mama yake. Ni bao moja tu lililoingia, na mwalimu alisema kwa sababu ya ushindi amelisamehe.

Baada ya mechi ilibidi tule pamoja. Hiyo ndiyo desturi, na hakuna aliyefikiria kwamba ingeweza kuvunjwa. Mwenyeji wangu alikuja na sahani ya wali na nyama kwenye mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na umevimba hadi vifundo vya vidole vimepotea. Alikaa kando yangu. Alisukuma nyama upande wangu, kama mama yake alivyofanya jana yake. Nilitaka aniulize tena, pengine mara ya pili ningejibu. Hakuuliza. Tulipomaliza alinipa mfuko wa njugu karanga.

"Mama amesema upereke nyumbani."

Nilisema asante. Hilo ndilo neno pekee nililomwambia tangu nimpige.

Mbuzi alirudi nasi kwenye lori, akilia njia nzima kutoka Matulo kule Bungoma hadi Kiminini, kipa wetu akilala kwenye bega langu. Jumatatu tuliitwa mbele ya paredi, tukapigiwa makofi, na mwalimu mkuu akazungumza juu ya nidhamu na umoja. Mchana tulikula yule mbuzi. Mwalimu wa michezo alinichagulia ini kwa mkono wake mwenyewe.

Nilicheza mwaka mmoja mwingine, halafu nikaacha. Niliambia watu goti linaniuma. Shule zile mbili ziliacha kualikana kwa sababu za watu wazima, na sikumwona tena.

Chuo kikuu nilipewa kazi ya kuandika juu ya manufaa ya michezo kwa watoto wadogo. Niliandika kurasa nane nzuri. Niliandika kwamba mchezo hukuza mapafu na mifupa, humfundisha mtoto kushirikiana, kuvumilia, kufuata maagizo. Niliposoma tena hayo maneno mawili ya mwisho nilitoka nje ya maktaba nikatembea kwa saa nzima. Halafu nikarudi, nikayaacha yalivyo, nikapata alama ya juu. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba kazi yangu ina mifano mizuri. Mfano mmoja tu sikuutoa.

Sasa nimerudi Kitale, na kila Jumamosi asubuhi nampeleka mtoto wa kaka yangu mazoezini. Ana miaka saba. Kaka anaamini michezo itamjenga, na mimi nilibishana naye mwezi mzima kabla ya kukubali. Nilikubali kwa sharti kwamba nitakaa pale pale, nimwangalie mwalimu kuliko ninavyomwangalia mtoto. Mwalimu wao ni kijana wa kucheka, mikono mitupu. Mtoto akianguka anaambiwa, "Pole, amka, mpira uko wapi?" na anaamka. Tangu aanze amekuwa akila vizuri na ameacha kung'ata wenzake. Kwa hivyo ndiyo, michezo ina faida. Sijawahi kubisha hilo. Ninachouliza ni mtoto anafundishwa kumtii nani, na yule mtu anataka nini.

Jumamosi moja mama mmoja alikaa kwenye benchi langu, mtoto wake alikuwa kwenye kundi lile lile. Tulianza na maneno ya kawaida, mvua, bei ya mbolea. Aliponiambia amezaliwa Bungoma nilisikia zile r na l zake na nikamuuliza alisoma wapi. Akataja ile shule.

"Mlicheza magongo," nikasema.

"We! Unajua aje? Nirikuwa winga, dada yangu. Winga wa kulia."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilimuuliza kama anamkumbuka mmoja wa soksi za manjano.

"Yule arigongwa mkono na watu wa Kitale?"

"Ni mimi nilimgonga," nikasema. "Nilitumwa, lakini ni mimi. Nilimvunja vidole."

Watoto walikuwa wakipiga kelele, wa kwake na wa kwetu wakivutana jezi wakicheka. Nilidhani ataondoka kwenye benchi.

"Haukumvunja," akasema. "Aripelekwa kwa zahanati Jumapili, nesi akakunja vidole vyote, akasema ni uvimbe tu, utaisha."

Halafu akaniambia mengine, akiangalia uwanjani. Mwalimu wao naye alikuwa na sheria: kila bao walilofungwa, fimbo moja ya mkononi kwa kila mchezaji, Jumatatu, paredi. Kwa matatu tuliyowafunga, walichapwa tatu. Mtoto aliruhusiwa kuchagua mkono. Yule wa soksi za manjano alinyoosha wa kushoto, ule uliovimba, ili wa kulia ubaki wa kuandikia. Vidole viwili vilivunjika kwa fimbo ya pili. Ya tatu alipigwa hata hivyo.